Mlingoti wa Kushoto

Jumatano, 4 Juni

Dada Dympna ameyachemsha makoti. Yananing'inia uani yote manne, meupe kuliko yanavyostahili, na mvua imeshayanyeshea mara mbili. Maana yake msimu umeanza. Kaka yetu Malachy amepewa tena mechi za vijana wa chini ya miaka kumi na minane: yeye refa, sisi wanne washika bendera wake. Mimi na Dympna goli moja, ndugu wawili wa Heneghan goli la pili. Hawa Heneghan ni majirani zetu. Tangu mwaka juzi sijawasikia wakitoa sentensi nzima, na ndiyo sababu Malachy anawapenda.

Mpira wetu wa huku huchezwa kwa mguu na kwa mkono, milingoti ya goli hupanda juu kupita mwamba, na refa huja na watu wake, kama bwana harusi. Mimi husimama mlingoti wa kushoto. Mpira ukipita chini ya mwamba ni goli, pointi tatu, napunga bendera ya kijani. Ukipita juu ya mwamba ni pointi moja, napunga nyeupe. Ukienda nje natandaza mikono. Kazi yenyewe ndiyo hiyo. Nimeifanya miaka kumi na tisa, na katika miaka hiyo yote Malachy hajalazimika hata mara moja kukimbia mpaka golini kuniuliza nimeona nini. Naliandika hapa kwa sababu hakuna mwingine atakayeliandika.

Jumatano, 11 Juni

Mechi ya kwanza. Mvua. Heneghan mkubwa alisema "Baridi."

Jumapili, 15 Juni

Malachy anakimbia. Yeye ni tarishi wa posta, kutwa nzima yuko barabarani na barua za watu, na bado jioni anavaa kaptura na kuuzunguka ukuta wa makaburi mara kumi na mbili. Novemba anatimiza hamsini, na kamati ya kaunti haimpi filimbi mtu wa hamsini. Amechezesha miaka ishirini na miwili. Nusu fainali amepewa tano. Fainali hajapewa.

Ukimuuliza anasema, "Tutaona watakavyopanga." Lakini mkewe, Goretti, alimwambia Dympna kwamba mzee anapuliza filimbi usingizini, mashavu yanajaa kabisa. Dympna alinisimulia huku akifuta machozi ya kucheka. Mimi naona ni majivuno tu. Mtu mzima mwenye magoti mabovu, anatweta mbele ya kaburi la mama yetu ili siku moja apulize filimbi kwenye uwanja wenye jukwaa.

Alhamisi, 26 Juni

Tulikuwa Ballyfarna. Parokia ile imekwisha: walileta wachezaji kumi na sita, kumi na watano wa kuingia uwanjani na mmoja wa akiba mwenye mkono uliovunjika, umefungwa plasta. Walishinda hata hivyo, goli mbili na pointi saba dhidi ya pointi kumi na moja.

Kipa wao anaitwa Lorcan Feerick, ana miaka kumi na sita na mdomo wa dalali. Makipa wengi huzungumza na washika bendera, maana tunasimama karibu mno kiasi kwamba kunyamaza kunakuwa kama ugomvi. Huyu alipitiliza.

"Mzee, zimebaki dakika ngapi?"

"Muulize refa."

"Refa yuko kule kwenye matope. Wewe uko hapa na saa unayo."

"Saa hii ni ya kazi."

"Kwani mimi niko wapi, mzee? Nimekuja kuota jua?" Maji yalikuwa yanamchuruzika puani. "Halafu hilo koti nani alikukatia? Mikono ya mtu mwingine kabisa."

Nilimwambia aangalie mpira. Mpira ulikuwa upande wa pili, kwa Heneghan.

"Mwaka kesho hunioni hapa," akasema. "Ballyfarna inafungwa. Vijana hawatoshi, wanatuunganisha na Kilcorran. Nitavaa jezi ya njano, mzee, mimi, mjukuu wa Feerick! Babu akifufuka akaniona, atakufa tena palepale."

Dympna kwenye mlingoti wa kulia alicheka mpaka nikamkazia macho. Hatuchekeshwi kazini.

Jumatano, 2 Julai

Jua. Kaunti nzima iko mashambani inakata nyasi za ng'ombe. Hakuna mechi.

Alhamisi, 10 Julai

Mechi mbovu, upepo. Ballyfarna walicheza tena, wakapita tena, kwa pointi moja. Kulikuwa na mpira mmoja wa utata uliopita juu kabisa ya mlingoti wa Dympna. Utaratibu ni huu: aliye karibu anaamua, mwenzake anamtazama kuthibitisha. Asipoona wa karibu na wa mbali pia asione, tunamwita refa. Dympna alisema nje. Nilikubali kwa kichwa, ikaisha.

Feerick akaniuliza, "Mzee, mkikosea inakuwaje?"

Nikamwambia hatukosei. Akasema, "Baba Mtakatifu na wewe," kisha akaenda kuupiga mpira.

Kijana yule ananichosha. Lakini ni kipa mzuri, hilo lazima niseme.

Jumatatu, 21 Julai

Barua ya kamati. Malachy atachezesha nusu fainali, Ballyfarna na Kilcorran, tarehe saba Agosti, uwanja wa Ardkeel. Kwa hiyo watu watakaounganishwa mwaka kesho wanapigana kwanza mwaka huu. Mwenyekiti wa kamati alimvuta Malachy pembeni jana baada ya Misa akamwambia, "Hii ikiisha bila kelele, fainali ni yako." Malachy alitusimulia jikoni kwa Dympna huku akijifanya kutafuta kijiko.

Ballyfarna hawajatwaa kombe la vijana tangu mwaka hamsini na mmoja. Wakikosa mwaka huu hawatalitwaa tena, maana hakutakuwa na Ballyfarna.

Ijumaa, 1 Agosti

Malachy sasa anazunguka makaburi mara kumi na tano.

Alhamisi, 7 Agosti

Naandika yote kama yalivyokuwa.

Uwanja wa Ardkeel unatazama magharibi. Nyuma ya goli letu kuna shamba la mtu, na karibu na ukuta, kushoto kwangu, kuna lundo la nyasi za ng'ombe lililofunikwa plastiki nyeusi na matairi chakavu juu yake. Mechi ilianza saa moja na nusu ya jioni; majira haya jua letu huzama baada ya saa tatu. Watu walikuwa wengi, labda elfu moja, Kilcorran na makofia ya njano, Ballyfarna na bendera za bluu zilizoshonwa na mama zao. Kipindi cha pili jua lilikuwa limeshuka machoni petu.

Malachy alichezesha vizuri. Sijawahi kumwona vile. Alikuwa karibu na kila mpira, hakupuliza ovyo, na mara moja alimwambia kijana wa Kilcorran aliyejiangusha, "Inuka mwanangu, mama yako anakuangalia," na uwanja mzima ukacheka, Kilcorran wakiwemo. Nilijua anaiona fainali.

Feerick aliokoa mipira mitatu ya goli. Ya tatu ilimpiga usoni. Akatema damu kidogo, akanigeukia. "Mzee, jino lipo?"

"Lipo."

"Hesabu vizuri, wewe si hukosei."

Ikafika goli moja na pointi nane kila upande, muda umekwisha, zimebaki zile sekunde za Malachy kutazama saa. Diarmuid Scahill, nahodha wa Kilcorran, akapata mpira karibu na mstari wa pembeni, upande wangu, mita arobaini. Akaupiga juu sana. Ulipanda, ukafika juu kuliko mlingoti, na hapo ukaingia kwenye jua.

Sikuuona. Nilipaswa kuinua mkono nimwite kaka yangu, niseme nimepofuka. Ni jambo la sekunde moja na si aibu, Heneghan mdogo amelifanya mara nne. Badala yake nikasikia Kilcorran wakipiga kelele za furaha, mkono wangu ukashika bendera nyeupe, ikapanda. Dympna alinitazama. Nikaitikia kwa kichwa, kwa uhakika, naye akakubali, kwa sababu ni miaka kumi na tisa.

Ndipo nikasikia mpira ukidunda kwenye matairi. Kutoka pale alipokuwa Scahill, mpira uliopita ndani ungeanguka nyuma ya wavu au kulia zaidi. Hauwezi kufika kwenye matairi bila kupita nje ya mlingoti wangu.

Feerick alikuwa ananitazama. Nilingoja maneno. Hakusema neno hata moja, kijana yule ambaye hajanyamaza tangu Juni. Aliuchukua mpira wa akiba, akauweka chini, akaupiga. Malachy akapuliza filimbi ya mwisho. Kilcorran pointi moja mbele.

Kwenye gari Malachy alikuwa anapiga usukani kwa vidole kama ngoma. Hotelini alitununulia nyama na chipsi. Heneghan mkubwa alisema, "Safi, Malachy." Nilikula.

Ijumaa, 8 Agosti

Nimeuza misumari na seng'enge katika duka la ushirika ninakofanya kazi. Mvua ya vipindi.

Jumapili, 10 Agosti

Imetangazwa. Malachy atachezesha fainali, tarehe kumi na nne Septemba. Goretti alioka keki, tukaalikwa sote. Malachy aliivaa jezi mpya nyeusi ya refa juu ya shati la kanisani ili tuione, akasimama katikati ya jikoni hajui mikono aiweke wapi. Dympna alimwambia, "Umependeza kama padre aliyekosa parokia." Alicheka, uso mwekundu. Nimemjua mtu huyu miaka arobaini na minne na sikujua kwamba anaweza kufurahi kiasi kile. Ile hamu yake nilikuwa nimeiita majivuno. Sidhani kama ni majivuno.

Tulipokuwa tunaosha vyombo Dympna aliniuliza polepole, "Colman, ule wa mwisho ulikuwa ndani?"

"Ndani."

"Mimi jua lilinipiga. Sikuona kitu."

"Ulikuwa ndani, dada."

Akanipa sahani nyingine nikafuta.

Jumatano, 13 Agosti

Gazeti limeandika "refa asiye na dosari." Ballyfarna hawajalalamika. Mashabiki wao wote walikuwa wametazama jua vilevile. Nikiamua kutosema, kila kitu kimepangwa kunisaidia.

Ijumaa, 15 Agosti

Sikukuu ya Kupalizwa. Misa. Sikupokea komunyo. Dympna aliona, hakuuliza.

Jumamosi, 16 Agosti

Feerick alikuja dukani. Baba yake alimtuma misumari ya uzio. Mdomo wake bado umevimba upande mmoja. Nilimpimia, nikaifunga, naye akasimama tu pale kaunta.

"Habari ya jino?" nikamuuliza.

"Lipo." Alikuwa anaitazama mizani. "Mzee, ulikwenda nje."

Hakukuwa na mteja mwingine. Nilimuuliza kwa nini hakusema palepale.

"Kipa aseme mpira umeenda nje? Kipa gani aliwahi kusema umeingia? Wangenicheka." Akavuta ile karatasi ya misumari. "Halafu nilidhani utasema wewe. Nilikusubiri. Niliuweka ule mpira chini polepole makusudi, nikasema sasa mzee atainua mkono. Kisha nikapiga."

Nilimwambia jua.

"Najua jua, mzee. Na mimi nilikuwa pale."

Alilipa akaondoka. Hakuwa na hasira hata kidogo. Angekuwa na hasira ningeweza kumjibu.

Jumapili, 17 Agosti

Nimemwambia Malachy.

Nilimkuta bandani baada ya chakula cha mchana, anapaka dawa viatu vya fainali ingawa bado wiki nne. Nilisimama mlangoni.

"Kaka, ule mpira wa Scahill."

"Umefanyaje?"

"Sikuuona. Niliinua bendera bila kuuona. Ukaanguka kwenye matairi. Ulikwenda nje."

Brashi iliendelea kwenda na kurudi juu ya kiatu.

"Una hakika?"

"Nina hakika."

"Tangu lini?"

"Tangu ulipodunda."

"Siku kumi, Colman."

"Siku kumi."

"Umekaa mezani kwangu ukala keki ya Goretti."

"Ndiyo."

"Vipande vingapi?"

"Viwili."

Akaweka kiatu chini. Alikuwa amekunja uso kama baba alivyokuwa akiukunja wake kila ng'ombe alipoanguka mtaroni, si hasira kamili, ni kupiga hesabu ya kamba na watu.

"Ungekaa nalo," akasema. "Wiki nne tu. Tarehe kumi na tano Septemba unakuja hapa mlangoni unaniambia, nakuchapa ngumi moja, tunakwenda kunywa chai. Nani angekufa?"

"Tarehe kumi na tano hakuna Ballyfarna."

"Hakuna Ballyfarna hata leo! Kuna watoto kumi na sita na bendera!"

Sauti yake ilimleta Goretti mpaka dirishani. Alitutazama, akarudi ndani. Malachy alikaa juu ya ndoo iliyopinduliwa akashika magoti yake yote mawili, yale mabovu.

"Kwa nini hukuniita?" akauliza. "Hicho ndicho sikielewi. Ungeinua mkono, ningekuja, ungeniambia sioni, ningemuuliza Dympna, naye asipoona, ningesema nje, tucheze nyongeza. Mambo yanatokea. Kwa nini hukuniita?"

Nilimweleza: miaka kumi na tisa hujawahi kuja kuniuliza, na mimi nilikuwa nahesabu.

"Unahesabu nini?"

"Hiyo miaka."

Malachy aliyaachia magoti yake. "Mimi sikuwahi kujua," akasema. "Sikuwahi kugundua hata siku moja."

Kisha akaingia ndani, akachukua kalamu na karatasi, akaandikia kamati. Nilisoma juu ya bega lake. Aliandika, "Katika dakika ya mwisho nilikubali pointi ambayo haikuwa halali." Nikamwambia aandike jina langu, ni bendera yangu. Hakuinua kichwa.

"Ripoti ina mstari mmoja wa sahihi," akasema. "Wa refa. Toka kwenye mwanga wangu."

Jumanne, 19 Agosti

Barua aliipeleka mwenyewe, kwa kuwa ndiye tarishi. Dympna hasemi na mimi tangu jana. Alisema sentensi moja tu: "Uliniangalia machoni ukaniambia ndani, mimi, huku nimeshika sahani." Kisha akaondoka na makoti.

Ijumaa, 22 Agosti

Kamati imekaa. Neno la refa siku ya mechi ni la mwisho, hata refa mwenyewe akilikana baadaye. Matokeo yanabaki. Kilcorran peke yao ndio wanaoweza kuamua kurudia mechi, wakitaka, kwa hisani yao. Na fainali amepewa refa mwingine, kijana wa miaka thelathini na mbili kutoka upande wa kusini.

Mwenyekiti alimwambia Malachy kwa simu, "Pole, lakini ulijipiga mwenyewe." Malachy akajibu, "Naam." Goretti ndiye aliyeniambia haya, kwa sababu Malachy pia hasemi na mimi. Amekwenda kugawa barua kama kawaida. Jioni hakukimbia.

Kwa hiyo hesabu iko hivi: nimesema ukweli, kaka yangu amepoteza fainali, na Ballyfarna hawajapata kitu.

Jumanne, 26 Agosti

Leo dukani wateja hawakuwa na habari nyingine. Kilcorran walikutana jana katika ukumbi wa parokia. Wazee wao walisema pointi ni pointi, wao hawakushika bendera, na ni nani amewahi kurudisha ushindi? Walikuwa karibu kufunga kikao. Ndipo akasimama Diarmuid Scahill, nahodha, yule mpigaji mwenyewe, miaka kumi na saba. Mteja aliyenisimulia alikuwa ndani na hakumpenda kijana kwa alichosema, kwa hiyo naamini alikinukuu sawasawa:

"Mwaka kesho Feerick atakuwa kipa wetu. Ninyi wazee mtakaa jukwaani. Ni sisi tutakaovaa soksi pamoja naye kwenye chumba kimoja. Mnataka tumwambie nini?"

Walipiga kura. Arobaini na mmoja kwa thelathini na wanane. Mechi inarudiwa Jumamosi.

Jumatano, 27 Agosti

Ballyfarna wamekubali kwa sharti moja. Wanamtaka refa yuleyule na washika bendera walewale, kila mtu kwenye mlingoti wake. Sijui kama ni heshima au ni adhabu. Kamati ilikubali shingo upande. Fainali haimrudii Malachy. Hii itakuwa mechi yake ya mwisho.

Dympna aliniletea koti. Alikuwa ameshona upya mikono. "Mikono ya mtu mwingine kabisa," akasema, nikajua ameanza kunisamehe kidogo.

Jumamosi, 30 Agosti

Ardkeel tena, saa tisa mchana safari hii, mawingu, hakuna jua la kumsingizia. Watu walikuwa mara mbili ya mwanzo. Nilipokwenda kwenye mlingoti wangu mtu mmoja alipaza sauti, "Mpeni miwani!" Mwingine, "Miwani gani, mpeni mbwa wa kuongoza vipofu!" Nilistahili. Uso ulinichoma, hata hivyo.

Feerick alinipa mkono. "Mzee, leo umevaa koti lako mwenyewe."

Ballyfarna walikuwa wamechoka. Kumi na sita ni kumi na sita. Walishikilia robo saa, halafu Kilcorran wakaanza kupita katikati yao. Iliisha goli tatu na pointi kumi na moja kwa goli moja na pointi sita, tofauti ya pointi kumi na moja. Feerick alifanya alichoweza.

Jambo langu lilikuja mwanzoni mwa kipindi cha pili. Mpira ulipanda juu ya mlingoti wangu, upepo ukaugeuza, na sikuwa na hakika. Naapa ningeweza kubahatisha, na pengine ningepatia. Niliinua mkono. Nilihisi uwanja mzima ukivuta pumzi. Malachy alikimbia mita hamsini na magoti yale, watu wakizomea kila hatua yake, akafika mbele yangu. Ilikuwa mara ya kwanza kuzungumza nami baada ya wiki mbili.

"Umeona nini?"

"Sikuona."

"Dada?"

"Nje," Dympna akasema. "Kiasi cha mpira mmoja."

"Nje," akasema Malachy, akanitazama kidogo tu. "Asante, Colman." Kisha akageuka akakimbia kurudi katikati. Sikumbuki kuzomewa baada ya hapo, ingawa Dympna anasema kuliendelea.

Mwisho ulipopulizwa Feerick aliegemea mlingoti wangu, ameshika glavu zake mkononi.

"Kumi na moja, mzee."

"Kumi na moja."

"Hakuna hata moja ya kubishania."

"Hakuna."

"Sasa tumefungwa kweli," akasema. "Ile ya kwanza nilishindwa hata kulia. Sikujua nalilia nini." Na hapo akalia, waziwazi, kijana mkubwa vile. Nilibaki naye mpaka mama yake akavuka uwanja na bendera ya bluu ikiburuta nyuma yake. Scahill alifika mapema kuliko mama. Alisimama tu upande wa pili wa mlingoti akimsubiri amalize.

Malachy alibaki katikati ya uwanja peke yake, akiandika kwenye kadi yake. Aliandika muda mrefu kuliko matokeo yanavyohitaji.

Jumapili, 14 Septemba

Fainali. Malachy alinipigia simu asubuhi akasema, "Unakuja au huji?" Tulilipa mlangoni kama watu wengine. Sijaingia uwanjani kwa tiketi tangu nikiwa kijana, na sikujua pa kukaa. Tulikaa jukwaani, safu ya nne. Kilcorran walikuwa wanacheza na timu ya mjini. Bendi ilipita. Refa kijana alitoka na watu wake wanne wa makoti meupe, akarusha mpira.

Malachy alikuwa anachezesha mechi ile kwa miguu. Kila mahali refa alipokwenda, viatu vya Malachy vilisogea chini ya kiti. Mtu nyuma yetu alimtukana refa kwa sababu ya faulo, Malachy akamgeukia: "Yuko sahihi, ndugu yangu. Alishikwa jezi. Kaa chini." Yule mtu akakaa.

Wakati wa mapumziko watu walikwenda kununua chai. Sisi tulibaki. Malachy alikuwa anauangalia uwanja mtupu, ule mstari wa katikati.

"Nilikitaka sana kitu hiki," akasema.

"Najua, kaka."

"Hujui." Hakusema kwa ukali. "Nilikitaka kama mtoto. Nilikuwa nimeshapanga nitasimama wapi kwenye wimbo wa taifa. Pale. Mwaka mzima barabarani na barua nilikuwa nasimama pale." Akainama kama mtu anayefunga kamba ya kiatu, na kiatu chake hakina kamba.

Nilikuwa nimeandaa jibu. Lilikuwa juu ya Ballyfarna na kwamba ilibidi. Ndipo nilipogundua kitu ambacho nimerudi nyumbani kukitafuta kurasa zote hizi za nyuma, na kweli hakimo. Nilimweleza kila kitu pale bandani: jua, matairi, siku kumi, vipande viwili. Nilitoa ushahidi kamili. Lakini kusema samahani sikusema, siku ile wala siku yoyote tangu hapo.

"Nisamehe, Malachy," nikasema. "Nimekunyang'anya hiki. Inaniuma sana."

Alikaa ameinama vilevile. Kisha akaweka mkono juu ya goti langu, mzito, akautumia kujiinua mpaka akakaa wima.

"Haya," akasema. "Haya, mdogo wangu."

Timu zilikuwa zinarudi uwanjani.